Somo juu ya Ufa: Chungu, Jiwe, Tofali na Punje ya Mpunga

Kwa walimaji wa teritwari ya Nyunzu, na kwa wote wanaotumia moto, udongo na jua katika kazi zao.

1. Sababu ya somo hili

Katika kila kijiji mali nyingi hupotea kwa ajili ya ufa. Mama ananunua chungu sokoni. Anakipikia mara mbili, na mara ya tatu maji yanamwagika motoni. Mtu anafyatua matofali, anakata kuni siku nyingi, anayachoma. Naye anapofungua tanuru anakuta mengi yamepasuka. Mwingine anavuna mpunga mzuri, anaukausha, anautwanga, na katika ungo anaona chenga nyingi kuliko mchele mzima. Tena mara nyingine jiwe la jikoni linalipuka na kumwumiza mtoto anayeota moto.

Watu husema: "Udongo ulikuwa mbaya," au, "Moto ulizidi," au, "Kuna mtu aliyetuonea wivu." Lakini mambo hayo yote yana sababu moja, nayo inajulikana. Mtu akiijua anaweza kuokoa kazi yake pasipo kununua kitu cho chote.

Neno kubwa la somo hili ni hili: kinachopasua si moto, ni tofauti. Kitu kikipata moto sawasawa pande zote, hakina haja ya kupasuka. Kinapasuka wakati upande mmoja una moto na upande wa pili ungali baridi. Lishikeni neno hili, maana yote yatakayofuata yanatoka katika hilo.

2. Kila kitu hupanuka kwa moto na kusinyaa kwa baridi

Reli ya Kabalo mpaka Kalemie inapita Nyunzu. Ilifikishwa Kalemie, kwenye ziwa Tanganika, mwaka 1915. Katika reli za namna hii huachwa nafasi ndogo kati ya chuma na chuma. Kwa nini? Kwa sababu chuma cha reli chenye urefu wa metri 10, kikipata joto la digrii 30 zaidi, kinarefuka milimetri tatu na nusu hivi. Ni kidogo sana, lakini nguvu yake ni kubwa. Pasipo nafasi, reli hujipinda kama nyoka.

Chungu, jiwe, tofali na kioo hupanuka pia, hata pungufu kuliko chuma. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Chuma hukubali kupinda. Kamba hukubali, mti mbichi hukubali. Udongo uliochomwa, jiwe, kioo na punje kavu havikubali. Vikilazimishwa kupinda, vinapasuka.

3. Upande gani unavutwa?

Fikirini watu wawili waliofungwa pamoja kiunoni kwa kamba. Mmoja anataka kwenda mbele, wa pili anakataa. Anayetaka kwenda anazuiwa, aliyebaki anavutwa. Ndivyo ilivyo ndani ya chungu au jiwe. Sehemu yenye moto inataka kupanuka, lakini sehemu baridi inaizuia. Kwa hiyo yenye moto inabanwa, na yenye baridi inavutwa.

Sasa angalieni vizuri. Jiwe, udongo na kioo ni hodari sana katika kubanwa: ukuta wa mawe huchukua uzito mkubwa miaka mingi. Lakini ni dhaifu sana katika kuvutwa. Basi ufa huanza upande unaovutwa, ndio upande wa baridi.

Kwa hiyo kuna njia mbili:

(a) Kitu kikipashwa moto upesi kutoka nje, ngozi yake inabanwa, na tumbo lake linavutwa.

(b) Kitu chenye moto kikipozwa upesi kutoka nje, ngozi inasinyaa, lakini tumbo lingali limepanuka na haliiruhusu kusinyaa. Hapo ngozi inavutwa.

Njia ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu ngozi ndiyo yenye mikwaruzo na majeraha madogo, na ufa hupenda kuanzia katika jeraha. Ndiyo maana kioo cha taa kinaweza kuwaka usiku kucha kisipasuke, lakini tone moja la mvua likikiangukia kinapasuka papo hapo. Moto haukukidhuru. Tone lile lilipoza mahali padogo, na mahali pale palivutwa na kioo chote.

Watu wa reli za Marekani walipata taabu hiyo hiyo. Taa zao za ishara zilipasuka zilipopigwa na mvua au theluji. Mafundi wa Corning walitafuta kioo kinachopanuka kidogo tu. Baadaye, mwaka 1915, walianza kuuza vyombo vya jikoni vya kioo cha namna hiyo, vikiitwa Pyrex. Kipande cha metri moja cha kioo cha kawaida kikiongezwa digrii 100 kinarefuka karibu milimetri moja; cha Pyrex ya wakati ule kilirefuka theluthi tu ya hiyo. Tofauti ikiwa ndogo, mvuto nao ni mdogo.

4. Jinsi ufa unavyoanza

Chukueni kitambaa kipya kisichokatwa, mkivute kwa mikono miwili. Hakipasuki. Sasa kikateni kidogo pembeni kwa kisu, kisha mkivute tena. Kinachanika mpaka mwisho. Nguvu ya mikono ni ile ile. Ni nini kimebadilika? Ni ule mkato mdogo. Nguvu yote ambayo nyuzi zilizokatwa zingechukua inakwenda kuulemea uzi mmoja ulio kwenye ncha ya mkato. Uzi ule unakatika, kisha mwenzake unaofuata, na hivyo hivyo.

Mwaka 1913 Mwingereza mmoja, C. E. Inglis, alihesabu jambo hili kwa ajili ya mabamba ya meli. Alionyesha kwamba tundu jembamba, ambalo urefu wake ni mara 10 ya upana wake, likivutwa kwa kukingama, huongeza mvuto kwenye ncha yake mara 21. Ncha ikizidi kuwa kali, mvuto unazidi. Ncha ikiwa butu na ya mviringo, mvuto unapungua.

Baada yake mwenzake, A. A. Griffith, aliyefanya kazi ya ndege huko Farnborough, aliandika mwaka 1921 juu ya kupasuka kwa kioo. Aliuliza: kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo hivi, kuliko inavyopasa kwa hesabu? Alijibu kwamba kila kioo kina majeraha madogo yasiyoonekana kwa macho. Alivuta nyuzi nyembamba za kioo, akaona kwamba uzi ukizidi kuwa mwembamba unazidi kuwa na nguvu, kwa maana katika uzi mwembamba hakuna nafasi ya jeraha kubwa.

Basi jifunzeni hili: ufa mkubwa ni mtoto wa ufa mdogo. Chungu kilichopasuka leo kilikuwa na jeraha tangu zamani. Pengine chembe ya jiwe katika udongo, pengine mkwaruzo, pengine pigo la mwiko.

5. Jinsi ufa unavyokimbia

Ili ufa uendelee, ni lazima uvunje kitu kipya mbele yake, na kazi hiyo yataka nguvu. Nguvu hiyo inatoka wapi? Inatoka katika mvuto wenyewe. Kitu kinachovutwa ni kama upinde uliokunjwa: kimeweka nguvu ndani yake. Ufa ukifunguka, sehemu zilizo kandokando yake zinalegea na kutoa nguvu ile.

Ufa ukiwa mfupi, nguvu inayotolewa ni kidogo kuliko kazi inayotakiwa. Hapo ufa unakaa kimya. Lakini ukipita urefu fulani, nguvu inayotolewa inazidi kazi. Tangu hapo ufa hauhitaji msaada. Unajilisha wenyewe na kukimbia. Katika kioo unaweza kukimbia zaidi ya metri 1000 kwa sekunde moja. Ndiyo sababu hatuoni chungu kikipasuka. Tunasikia mlio tu, na kazi imekwisha.

Nao husimama wapi? Husimama unapofika mahali pasipovutwa, au panapobanwa, au ncha yake inapoingia katika tundu na kuwa butu. Ndiyo maana mara nyingi tunaona ufa ulioanza ukingoni na kuishia katikati ya chungu. Haukusimama kwa huruma. Ulifika mahali ambapo joto lilikuwa sawa, ukakosa chakula. Siku nyingine tofauti ikirudi, utaendelea kutoka pale pale.

Mwaka 1993 Wajapani wawili, Yuse na Sano, walionyesha jambo la ajabu. Walichukua kipande chembamba cha kioo, wakakitia mkwaruzo mdogo chini, kisha wakakishusha polepole kutoka tanuru la moto na kukiingiza katika maji baridi. Tofauti ilipokuwa ndogo, au mwendo ulipokuwa mdogo sana, ufa haukwenda. Walipoongeza, ufa ulikwenda umenyoka kama kamba. Walipoongeza tena, ulikwenda kwa mawimbi, kulia na kushoto, kama njia ya mto. Walipozidisha sana, uligawanyika kuwa matawi mengi. Maana yake, sura ya ufa inatuambia habari za mshtuko. Ufa mmoja ulionyoka ni mshtuko mdogo. Nyufa zenye matawi ni mshtuko mkubwa.

Neno moja zaidi: maji husaidia ufa. Unyevu ukiingia katika ncha ya ufa hulegeza vifungo vya kioo na vya jiwe, na ufa waweza kutambaa polepole, siku baada ya siku, ingawa hakuna aliyegusa. Kwa hiyo chungu kilichotegemezwa ukutani usiku waweza kukikuta asubuhi kimepasuka, na hakuna mtu wa kumlaumu.

6. Chungu cha kupikia

Wafinyanzi wa kale hawakusoma hesabu za Inglis, lakini mikono yao ilijua mengi.

Kwa nini chungu cha kupikia kina tako la mviringo? Kwa sababu pembe hukusanya mvuto, na mviringo huugawa. Kwa nini ukuta wake ni mwembamba, na unene wake ni sawa pande zote? Kwa sababu moto hupita upesi katika ukuta mwembamba, na tofauti ya ndani na nje inapungua. Mahali penye unene na wembamba pamoja ndipo penye hatari.

Kwa nini mfinyanzi hutwanga vigae vya chungu cha zamani na kuvichanganya na udongo mpya? Hapa pana siri kubwa. Chembe zile za vigae, na vitundu vilivyo kandokando yake, huukamata ufa. Ufa ukifika kwenye chembe, ni lazima uizunguke. Ukifika kwenye tundu, ncha yake inakuwa butu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Hasselman, alieleza mwaka 1969 kwamba kitu laini chenye majeraha madogo sana huvumilia mshtuko mkubwa, lakini siku kinaposhindwa, ufa unakimbia mbali mara moja. Kitu chenye nyufa nyingi fupi tangu mwanzo hakipasuki kwa ghafula. Kinadhoofika kidogo kidogo. Ndiyo tofauti ya sahani ya kauri na chungu cha mfinyanzi: ya kwanza hupasuka vipande viwili, cha pili huendelea kupika.

Basi mfanye hivi:

(a) Unaponunua, kigonge chungu kwa kidole. Kikilia vizuri, ni kizima. Kikilia kama kitu kilichofunikwa kwa nguo, kina ufa. Kitie maji, ungoje, utazame nje. Mstari wa unyevu utakuonyesha ufa ulipo.

(b) Mara ya kwanza pika uji mwembamba kwa moto mdogo. Uji unaingia katika vitundu na kuviziba.

(c) Usiweke chungu kitupu motoni kisha ukatia maji baridi. Tia maji kwanza, kisha washa moto kidogo kidogo.

(d) Maji yakipungua, ongeza maji ya moto, au maji kidogo kidogo, si kwa mkupuo.

(e) Usitue chungu cha moto juu ya udongo wenye maji. Kitue juu ya kata ya majani makavu.

7. Mawe ya jikoni na mawe ya shambani

Kwanza hatari. Msichukue mawe ya mtoni kuwa mafiga. Jiwe lililokaa katika maji ya Lukuga au ya kijito cho chote limekunywa maji katika nyufa zake. Moto ukilipata, maji yanakuwa mvuke, na mvuke ukikosa njia hulipua jiwe. Vipande vyake huruka kwa nguvu na vyaweza kutoboa jicho. Chukueni mawe makavu ya mlimani yasiyo na nyufa, myapashe kwa moto mdogo siku ya kwanza, na watoto wakae mbali.

Pili faida. Ufa ule ule unaotudhuru waweza kutufanyia kazi. Tangu zamani wachimbaji wa madini wamevunja miamba kwa moto. Mjerumani Agricola, katika kitabu chake juu ya madini kilichochapishwa mwaka 1556, alieleza jinsi walivyowasha kuni mbele ya mwamba mgumu mpaka ukalegea. Na katika fasi nyingi za Afrika watu hupasua mawe ya kujengea kwa njia hii mpaka leo.

Je, jua peke yake laweza kupasua jiwe? Livingstone aliandika kwamba aliona katika Afrika uso wa mawe ukifikia digrii 58 hivi mchana, na usiku ukipoa upesi, na mawe yakitupa vipande vyake. Lakini mwaka 1936 Mmarekani Griggs alijaribu. Alilipasha na kulipoza jiwe gumu la granito mara 89,400, hesabu ya mchana na usiku wa miaka 244, katika hewa kavu, hakuona ufa. Alipolipoza kwa maji, dalili za kupasuka zilionekana baada ya muda mfupi. Hivyo wataalamu walijifunza kuutazama unyevu pamoja na joto. Jua hufungua, unyevu hutambaza.

Mtu mwenye jiwe kubwa shambani afanye hivi:

(a) Afyeke majani pande zote, metri 10 au zaidi, asije akachoma shamba na pori. Asifanye kazi hii siku ya upepo.

(b) Atafute mstari au ufa uliopo, maana ufa mpya utafuata wa zamani. Aweke kuni juu ya mstari ule.

(c) Awashe moto mkali saa kadhaa. Uso wa jiwe ukipata moto na tumbo lingali baridi, magamba yatajitenga.

(d) Akitaka kumwaga maji, asimame mbali na upande wa upepo, kwa ndoo yenye mti mrefu. Watoto wasikaribie. Baadaye ajapoona kimya, angoje, kwa maana magamba mengine huruka baada ya muda.

(e) Akaze kabari katika ufa, apige nyundo polepole.

Asitumie mipira ya magari badala ya kuni. Moshi wake una sumu kwa anayeuvuta.

8. Matofali

Hapa hasara ni kubwa kuliko zote, kwa sababu kazi ya majuma mengi hupotea siku moja. Tofali lina hatari mara tatu.

Hatari ya kwanza ni katika kukauka. Hapa hakuna moto, lakini sheria ni ile ile: ngozi ya tofali ikikauka upesi inasinyaa, na tumbo lingali lina maji na halijasinyaa. Ngozi inavutwa, inapasuka. Basi matofali mabichi yafunikwe kwa majani siku za kwanza, yasipigwe na jua wala upepo, yageuzwe upande. Udongo wenye mafuta mengi husinyaa sana. Uchanganywe na mchanga.

Hatari ya pili ni mwanzo wa moto. Tofali linaloonekana kavu lingali na maji ndani. Siku ya kwanza moto uwe mdogo mpaka mvuke uishe. Mjue hivi: ingizeni chuma baridi juu ya tanuru kwa muda mfupi, kisha mkitoe. Kikiwa na umande, maji yangali yanatoka. Kikiwa kikavu, mwaweza kuongeza moto. Wanaofanya haraka hapa husikia matofali yakipasuka kama bunduki.

Hatari ya tatu ni katika kupoa, nayo ndiyo isiyojulikana na wengi. Katika udongo mna mchanga mweupe mgumu uitwao kwarzi. Chembe hizi, zikifika digrii 573, hupanuka kwa ghafula. Na zikishuka tena kupita digrii zile, husinyaa kwa ghafula. Mahali pale ni karibu na wakati tofali linapoanza kuonyesha wekundu mweusi usiku. Kwa hiyo mlango huu hupitwa mara mbili, kwenda na kurudi, na mara zote mbili yafaa kupita polepole. Kwenda, msiongeze kuni kwa pupa wekundu unapoanza. Kurudi, zibeni midomo ya tanuru kwa matofali na udongo, funikeni juu, mngoje siku nyingi mpaka mkono uweze kugusa. Msifungue kwa kutazama. Mtu anayetoboa shimo ili aone kazi yake ameingiza upepo baridi, na matofali yote ya upande ule yatapata nyufa. Tena jengeni kibanda au wekeni majani juu, mvua isilinyeshee tanuru lenye moto.

Mkifungua, someni nyufa kama mtu asomavyo nyayo. Ufa mpana wenye kingo mbaya umetoka katika kukauka au mwanzo wa moto. Ufa mwembamba kama unywele, wenye kingo kali, umetoka katika kupoa. Hivyo mtajua mahali pa kurekebisha safari ijayo, wala hamtamlaumu aliyekanyaga udongo kwa kosa la aliyefungua tanuru.

9. Punje ya mpunga

Hapa maji hufanya kazi ambayo katika chungu hufanywa na moto. Punje ikinywa maji hupanuka, ikikauka husinyaa. Punje kavu haikubali kupinda.

Wengi husema, "Jua kali lilipasua mpunga wangu." Ni kweli kwamba kukausha upesi kwadhuru. Lakini uchunguzi wa Kunze na Hall huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1965, ulionyesha adui mwingine aliyefichika: mpunga uliokwisha kukauka kisha ukapata unyevu tena. Ngozi ya punje inakunywa umande na kupanuka. Tumbo lingali kavu linavutwa. Ufa unakata punje kwa kukingama. Kwa macho mpunga unaonekana mzima, kwa maana ganda limeuficha ufa. Siku ya kutwanga punje zinavunjika mahali pale, na mwenye mali anapata chenga, na bei inashuka.

Basi mpunga huharibika usiku kuliko mchana. Fanyeni hivi:

(a) Vuneni wakati ambapo punje nyingi, kama 80 au 85 katika 100, zimekuwa rangi ya majani makavu. Msingoje zote zikauke shambani, kwa sababu kila usiku umande huzilowesha na kila mchana jua huzikausha.

(b) Anikeni juu ya mkeka, si juu ya udongo mtupu, kwa unene wa santimetri 2 mpaka 4. Geuzeni kila nusu saa.

(c) Saa za jua kali sana kusanyeni na kufunika, ili unyevu wa tumbo utoke nje polepole na punje iwe sawa. Mpunga wa mbegu usipite digrii 43, kwa maana mbegu hufa.

(d) Kabla ya jua kuzama, ingizeni ndani au mfunike vizuri. Umande usiuguse.

(e) Msichanganye mpunga mkavu na mbichi katika gunia moja. Mkavu utakunywa maji ya mbichi na kupasuka.

(f) Punje ikivunjika kwa jino na kulia "ka!", iko karibu. Kama jino linaingia pasipo mlio, bado. Kwa kuweka ghalani unyevu usipite sehemu 14 katika 100.

Kuna dawa moja ya mpunga uliokwisha kupasuka: kuulowesha, kuupika kwa mvuke katika maganda yake, kisha kuukausha polepole. Wanga ulio ndani hulainika na kuunganisha nyufa, na mchele hauvunjiki sana katika kutwanga.

Jaribuni wenyewe. Gaweni mpunga mkavu wa shamba moja katika mikeka miwili. Mmoja uacheni nje usiku mmoja wa umande, wa pili uingizeni nyumbani. Baada ya kukausha tena, menyeni kwa vidole punje 100 za kila mkeka, mzitazame moja moja mbele ya taa. Ufa unaonekana kama mstari mweupe unaokata punje. Hesabuni, muandike. Hesabu yenu wenyewe itawafundisha kuliko maneno ya kitabu.

10. Mambo ya kushika

Si moto unaopasua, ni tofauti.
Upande wa baridi ndio unaovutwa. Ufa huanza huko.
Kupoza upesi ni kubaya kuliko kupasha upesi.
Ufa huanza katika jeraha dogo, na ukipita urefu wake unajilisha wenyewe.
Mviringo, wembamba ulio sawa na chembe za vigae huzuia ufa.
Maji ni rafiki wa ufa.
Anayengoja hapotezi siku. Anaokoa kazi ya siku nyingi.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi tunaongeza: yafaa zaidi kutoupa ufa nafasi ya kuanza.

11. Maulizo

1. Kioo cha taa kinawaka usiku kucha; mbona tone la mvua linakipasua? Upande gani ulivutwa?
2. Kwa nini tako la chungu cha kupikia si la pembe?
3. Mfinyanzi anatwanga vigae na kuvitia katika udongo. Vinafanya kazi gani?
4. Kwa nini jiwe la mtoni halifai jikoni?
5. Tofali lina ufa mwembamba kama unywele, wenye kingo kali. Kosa lilifanyika siku gani?
6. Jirani amekausha mpunga vizuri siku tatu, lakini kila usiku aliuacha nje. Mwambie kitakachotokea siku ya kutwanga, na sababu yake.